Goti linalolipa deni la nyonga

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Nairobi, nami nalifupisha. Binti yake ana miaka 12 na huu ni mwaka wake wa nne wa baleti, siku tatu kwa wiki. Tangu muhula uanze, goti la kulia linamuuma upande wa ndani, zaidi jioni baada ya darasa. Mwalimu anasema miguu ya mtoto haijafunguka vya kutosha kwenda nje, na amempa zoezi la kulala kifudifudi kama chura huku mwenzake akimkandamiza kiunoni. Wenzake kadhaa wameshanunuliwa viatu vya pointi, vile vya kusimamia ncha za vidole. Mama anauliza: je, ni baleti inayomuumiza, amwachishe? Na kama hamwachishi, viatu hivyo avae lini?

Mama, nianze na la kwanza, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Usimwachishe baleti. Ila zoezi la chura la kukandamizwa likome leo, na viatu vya pointi visubiri. Nitaeleza kwa urefu, kwa sababu ukishaelewa jinsi mguu unavyogeuka nje utaweza kuzungumza na mwalimu bila ugomvi, na utaona kwa macho yako mahali shida inapoanzia.

Mguu wa mcheza baleti hutakiwa ugeuke nje; bila shaka umesikia darasani wakiita tanauti. Picha inayowindwa ni hii: visigino vimegusana, vidole vya mguu mmoja vimeelekea kulia na vya mwingine kushoto, nyuzi 180 kwa jumla, yaani 90 kila upande. Wengi huichukulia kama sheria ya maumbile, na sivyo. Mfalme Louis wa 14 wa Ufaransa alianzisha chuo chake cha dansi Paris mwaka 1661, na Pierre Beauchamp ndiye anayetajwa kuwa alizipanga zile pozisheni tano za nyayo ambazo binti yako anazisoma hadi leo. Wachezaji wa enzi hiyo walifungua nyayo kiasi cha nyuzi 90 hivi kwa jumla, nusu ya kinachodaiwa sasa. Nyuzi 180 zilikuja baadaye, watazamaji walipotaka kuona mguu ukipanda juu zaidi ubavuni, kwani mguu uliogeuka nje hupanda juu bila fupa la paja kugonga ukingo wa nyonga. Kilichobadilika ni ladha ya jukwaa. Mifupa ya watoto wetu imebaki ilivyokuwa.

Twende basi kwenye nyonga yenyewe. Kichwa cha fupa la paja ni cha mviringo, nacho hukaa ndani ya kikombe cha fupanyonga. Kati ya kichwa hicho na mwili wa fupa kuna shingo, na shingo hiyo imepinda kwenda mbele. Mtoto mchanga huzaliwa na pembe kubwa, nyuzi 30 hadi 40. Inapungua kadiri anavyokua, na mtu mzima hubaki na nyuzi 15 hivi. Aliyebaki na pembe kubwa miguu yake hupenda kutazamana, na aliyebaki na pembe ndogo hugeuka nje bila taabu. Kikombe nacho hutofautiana: kuna chenye kina kirefu na chenye kina kifupi, kuna kilichoelekea mbele na kilichoelekea ubavuni. Mbele ya kiungo hiki ipo ligamenti (ukanda unaofunga mfupa kwa mfupa) nene, yenye nguvu kuliko ligamenti nyingine yoyote mwilini, inayokizuia kisifunguke kupita kiasi. Na nyuma, chini ya misuli ya makalio, imejificha misuli sita midogo ambayo kazi yake ni kuzungusha paja kwenda nje.

Katika orodha hiyo yote, kinachofunzika kweli ni ile misuli sita. Ligamenti hulegea kidogo tu. Umbo la mfupa halibadilishwi na zoezi lolote la kunyoosha, hasa kwa mtoto aliyeshafika miaka 12.

Mtu wa kawaida hugeuza nyonga nje nyuzi 40 hadi 50. Wacheza baleti wengi hupata zaidi kidogo ya hapo, lakini wanaofika 90 kwa nyonga peke yake ni nadra sana, hata kwenye makampuni makubwa. Sehemu inayobaki hutoka chini ya nyonga: muundi wenyewe kwa asili umepinda nje kidogo, na wayo huchangia kiasi chake. Hiyo ni halali na haimdhuru mtu. Shida huanza darasa linapodai nyuzi ambazo nyonga haina. Hapo mwili hukopa, na deni hulipwa na kiungo kilichokopwa.

Kiungo kinachokopwa mara nyingi ni goti, na hiki ndicho nadhani kimempata binti yako. Goti lililonyooka limejifunga, halizunguki. Goti lililokunjwa huruhusu muundi kuzunguka nje. Mtoto hugundua njia hii mwenyewe bila kufundishwa: anakunja magoti kidogo, anaweka nyayo pembe anayotakiwa, sakafu inazishika, kisha ananyoosha magoti. Kwa mbali pozisheni ya tano, ile ya wayo mmoja mbele ya mwingine, inapendeza. Ndani ya goti, muundi umesokotwa nje huku fupa la paja limebaki nyuma. Ligamenti ya upande wa ndani inavutika, na pia ya goti, kile kifupa cha mbele yake, inaburutwa kwenda nje ya njia yake. Rudia hivyo katika kila plie, yaani kila anapokunja magoti akiwa amesimama, kila siku ya darasa, na maumivu ya upande wa ndani wa goti hayatachelewa kufika. Hayana tukio moja unaloweza kulinyooshea kidole, ndiyo maana wazazi wengi hudhani mtoto anatafuta kisingizio. Majeraha mengi ya wacheza baleti ndivyo yalivyo, hujengeka kidogo kidogo kwa kurudiwa, na mengi zaidi hutokea kuanzia nyonga kwenda chini.

Mkopeshaji wa pili ni wayo. Uvungu wa wayo huporomoka ndani, uzito unalalia ukingo wa kidole gumba, na kidole hicho huanza kusukumwa kuelekea wenzake hadi kinaota kinundu. Ipo pia kano inayokunja kidole gumba, inayopita nyuma ya kifundo upande wa ndani katika mfereji mwembamba. William Hamilton, daktari wa mifupa aliyewatibu wachezaji wa New York City Ballet kwa miongo mingi tangu mwaka 1972, aliandika sana juu ya kano hii, kwa kuwa humwadhibu mcheza baleti kuliko mwanamichezo mwingine yeyote. Mtoto anayelalamika maumivu nyuma ya kifundo kwa ndani kila apandapo kwenye vidole huenda ndiyo inayomuuma.

Mkopeshaji wa tatu ni kiuno. Ukibinua makalio nyuma, ile ligamenti nene ya mbele ya nyonga hulegea na nyuzi chache zinapatikana. Lakini mgongo wa chini umeingia bonde, na ukiongeza mikao ya kurusha mguu nyuma, pingili za chini hubanwa mno. Kwa kijana anayekua, pingili inaweza hata kupata ufa. Maumivu ya kiuno yanayozidi akijipinda nyuma yasipuuzwe.

Sasa pima mwenyewe, nyumbani. Mwambie asimame peku, nyayo sambamba, magoti yamenyooka. Ainue sehemu ya mbele ya nyayo abaki kwenye visigino, akishika kiti asianguke, kisha azungushe miguu nje kwa nguvu za nyonga peke yake na kushusha vidole pale vilipofika. Chora alama kwa chaki. Halafu mwambie asimame pozisheni ya kwanza, visigino vimegusana, kama anavyosimama darasani, na uchore tena. Tofauti kati ya alama hizo mbili ndiyo deni. Umtazame pia akifanya plie: ukishusha mstari kutoka katikati ya pia ya goti unapaswa kuangukia kidole cha pili cha mguu. Ukiangukia ndani ya kidole gumba, au nje kabisa ya wayo, umeona kwa macho goti likikopwa. Linganisha kulia na kushoto, kwa maana watu wengi nyonga zao si sawa, na mtoto ambaye nyonga ya kulia ina nyuzi chache hulazimisha upande huo ufanane na mwenzake. Nisingeshangaa kama goti linalouma liko upande wa nyonga iliyo ngumu zaidi.

Kuhusu chura. Zoezi hili linapendwa kwa sababu linaonekana kuleta matokeo: mtoto anafika sakafuni, kila mtu anafurahi. Lakini mtoto aliyelala kama chura amekunja nyonga zake na kuzitanua, na nyonga iliyokunjwa ligamenti yake ya mbele imelegea. Akisimama, nyonga inanyooka, ligamenti inakaza, na zile nyuzi za sakafuni hazipo tena. Kwa hiyo kulala bapa kama chura hakuthibitishi kwamba mtoto atageuka nje akisimama. Na mwenzake anapomkandamiza, nguvu ambayo misuli haikuichagua inaingia kwenye kiungo: gegedu la ukingo wa kikombe linabanwa, misuli ya kinena inaweza kuchanika, na magoti yaliyokunjwa yanasokotwa kwa uzito wa mtu mwingine. Kwa goti ambalo tayari linauma upande wa ndani, ni zoezi baya kuliko yote ambayo angeweza kupewa.

Kuna jambo moja linalonifanya nikusihi umpeleke kwa daktari ndani ya wiki hii, usingoje kujaribu ushauri wangu kwanza. Mtoto wa miaka 10 hadi 15 anayelalamika goti lazima nyonga yake ichunguzwe. Katika umri huo sehemu ya ukuaji juu ya fupa la paja inaweza kuteleza kutoka mahali pake, na maumivu yake mara nyingi husikika gotini, nyonga ikiwa kimya. Dalili ni kuchechemea, mguu mmoja kujigeuza nje wenyewe anapotembea, na nyonga kukataa kugeuzwa ndani. Hutokea kwa wachache, lakini ikikosekana kutambuliwa mapema madhara yake ni ya maisha. Ukiona dalili hizo asitembelee mguu huo hata kidogo. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo wampige picha ya eksirei. Vilevile goti likivimba, likikwama, likimwachia ghafla akapepesuka, au likimwamsha usiku, hilo limeshatoka kwenye mjadala wa nyuzi.

Daktari akisema nyonga ni salama na goti halijachanika, kazi inarudi darasani na kwa mtaalamu wa tiba ya mazoezi ya viungo.

Umeuliza kama baleti ndiyo ya kulaumiwa. Hapa nataka uelewe kitu ambacho mimi binafsi kinanipa heshima kubwa kwa sanaa hii. Katika darasa la saa moja na nusu mcheza baleti huweza kuruka zaidi ya mara 200, na zaidi ya nusu ya miruko hiyo hutua kwa mguu mmoja, kila mtuo ukiwa na uzito wa mwili mara kadhaa. Kwa hesabu hiyo ungetarajia ligamenti kuu ya katikati ya goti, ile inayowamaliza wachezaji wa mpira wa miguu na wa kikapu, ikatike kila siku. Haikatiki. Wacheza baleti huumia ligamenti hiyo mara chache mno kuliko wachezaji wa michezo hiyo. Na kwenye mpira wasichana huumia zaidi kuliko wavulana, ilhali miongoni mwa wacheza baleti wanawake hutua kwa namna ileile wanavyotua wanaume. Sababu inayoaminika ni kwamba tangu utotoni wanafundishwa kutua: vidole kwanza, kisha mto wa wayo, kisha kisigino, goti likikunjwa juu ya vidole, kiwiliwili kimesimama. Kwa hiyo mwendo uliopangwa vizuri unalinda goti la mtoto wako. Lakini ulinzi huo unategemea goti kuwa juu ya vidole, na tanauti ya kulazimisha ndiyo inayoliondoa pale.

Kwa wiki nne hadi sita afanye darasa lote katika pembe yake ya kweli, ile ya chaki ya kwanza. Ikiwa ni nyuzi 100 kwa jumla, basi ni 100. Pozisheni ya tano ageuze kuwa ya tatu, ambapo kisigino cha mbele hufika katikati ya wayo wa nyuma tu. Plie ya chini kabisa aiache. Plie ndogo inatosha. Miruko apunguze, na ile ya mguu mmoja aiache hadi goti litulie. Nyumbani aimarishe ile misuli sita: alale ubavu, magoti yamekunjwa, visigino vimegusana, ainue goti la juu polepole bila kuzungusha kiuno, kisha alale kifudifudi, mguu umenyooka, azungushe paja nje akilishikilia, kwa kuwa nyonga iliyonyooka ndiyo anayochezea. Amalizie kwa kusimama mguu mmoja na kupanda kwenye vidole taratibu bila kifundo kuyumba. Ninachokitarajia ni kwamba baada ya wiki hizo atakuwa amepata nyuzi chache ambazo nyonga yake ilikuwa nazo siku zote lakini haikuwa na nguvu za kuzitumia. Wengi hushangaa.

Viatu vya pointi. Tarehe ya kuzaliwa peke yake haitoshi, na wenzake kununuliwa si sababu. Mapendekezo ya madaktari wa dansi hutaja miaka 12 kuwa chini kabisa, na hapo ni kwa mtoto aliyekwisha kusoma miaka mitatu au minne mfululizo, anayehudhuria zaidi ya mara moja kwa wiki, mwenye tumbo na mgongo imara na kifundo kinachonyooka vya kutosha. Kifundo kisiponyooka hadi mstari wa muundi na wayo uwe mmoja, atasimama nyuma ya kiatu na kubana mifupa ya kisigino. Kikilegea mno atamwagika mbele. Mimi hutazama vitu vichache: anaweza kupanda kwenye vidole kwa mguu mmoja mara 20 au zaidi, goti limenyooka na kisigino kikipanda juu kileile hadi mwisho? Anaweza kuruka kwa mguu mmoja mara kadhaa, kiwiliwili kisiyumbe na wayo ukitua mlemle? Anaweza kusimama mguu mmoja, akainama mbele na mguu mwingine nyuma, akakunja goti bila goti hilo kuangukia ndani? Mtoto anayelazimisha tanauti kwa kawaida hushindwa hili la mwisho, na ndilo ambalo ningelipima kwanza kwa binti yako.

Akipanda pointi huku wayo umelala ndani, mzigo huangukia mfupa wa pili wa kati ya wayo, ambao kitako chake kimebanwa kati ya mifupa ya jirani na hakina pa kujongea. Hapo ndipo wacheza baleti hupata ufa wa mfupa kuliko watu wengine. Maumivu ya sehemu moja unayoweza kuigusa kwa kidole juu ya wayo, yanayozidi kila wiki, yanataka kusimama kucheza mara moja na kupigwa picha. Kuteguka kifundo nako, ambako ndiko jeraha la ghafla la kawaida zaidi, hutokea sana anapopanda, anaposhuka na anapotua. Juu kabisa kwenye ncha mifupa hushikana na kifundo hutulia. Kwa hiyo mtoto asiyeweza kushuka polepole hajawa tayari kupanda.

Binti yako yuko katika umri wa kurefuka kwa kasi. Mifupa hurefuka kabla misuli haijaifuata, na kwa miezi kadhaa mtoto hupoteza wepesi aliokuwa nao na kuonekana mzito. Mpime urefu ukutani kila mwezi. Ukiona ameruka ghafla, hicho ndicho kipindi cha kupunguza mzigo, na mwalimu anayemwona "amerudi nyuma" ajue chanzo. Na ale. Mtoto anayekua na kucheza siku tatu kwa wiki anahitaji ugali wake, maharagwe, maziwa, mayai, mboga na matunda, na mtu yeyote asimwambie apungue. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1986 kuhusu wacheza baleti vijana uliona kwamba kadiri msichana alivyochelewa kuvunja ungo ndivyo mifupa yake ilivyovunjika zaidi, na tangu mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki imelipa jina tatizo la wanamichezo wanaotumia nguvu nyingi kuliko chakula wanachopata. Akifika miaka 15 bila hedhi, au ikianza kisha ikakatika miezi mitatu, huo si mtindo wa wacheza dansi. Ni sababu ya kumwona daktari.

Uliza pia kuhusu sakafu. Madarasa mengi ya Nairobi hufanyika kwenye kumbi za makanisa na za shule, saruji au vigae, na saruji hairudishi chochote mtoto anapotua. Vijana wametoka katika mazingira hayo wakafika mbali. Joel Kioko alitoka Nairobi akaenda kusoma English National Ballet School jijini London. Lakini pasipo sakafu ya mbao yenye nafasi chini yake, idadi ya miruko ipunguzwe kwa makusudi, hasa wiki za maandalizi ya onyesho ambapo saa za mazoezi huongezeka ghafla.

Kwa mwalimu, usiende na barua hii kama hati ya mashtaka. Nenda na mtoto, dakika chache kabla ya darasa, umwombe mfanye pamoja kile kipimo cha chaki. Mwambie: "Mwalimu, daktari amesema acheze pembe hii kwa wiki sita, nisaidie kumsimamia." Walimu wengi wanalelewa katika dhana kwamba nyuzi zaidi ni bidii zaidi, nao wenyewe wamecheza na maumivu kwa miaka. Lakini mwalimu wake akiona mstari wa goti ukirudi juu ya kidole cha pili, na mtoto akisimama imara kuliko jana, ataelewa haraka kuliko kwa maneno. Akikataa, akaendelea kumkandamiza, tafuta darasa lingine.

Baada ya wiki sita mpime tena kwa chaki na kwa lile zoezi la mguu mmoja. Goti likiwa limetulia wiki mbili mfululizo, aongeze miruko ya miguu miwili kwanza, kidogo kidogo, kila darasa la pili. Ile ya mguu mmoja ifuate baada ya wiki nyingine mbili. Viatu vya pointi mvizungumzie hapo, mwalimu akiwepo.